Amana Isiyo na Ulimi
Katika jambo la kumchagua mwanamke wa kuachiwa watoto nyumbani kwake

Twaanza kwa jina la Mwenyi Ezi Mungu, na twamwombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu, liko jambo lililoingia majumbani mwetu kwa upole katika miji ya pwani, tangu Lamu na Mombasa hata Tanga, Unguja na Dar es Salaam, na wengi wetu wamelizoea kabla hawajalifikiri. Nalo ni kumwacha mtoto mchanga tangu asubuhi hata alasiri kwa mwanamke mwengine, nyumbani kwake huyo mwanamke, kwa ujira wa siku au wa mwezi. Wazee wetu hawakuwa na haja kubwa ya jambo hili, kwani mtoto alizaliwa katika ua wenyi bibi, shangazi, khalati na mama wa jirani. Mama yake akitoka, mikono ya kumpokea ilikuwa mingi. Leo mume na mke wamepanga vyumba viwili katika mtaa wa wageni, bibi yuko mbali, na mama ni mwalimu, au muuguzi, au karani, au ana biashara yake sokoni. Sheria ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007 yampa mama mapumziko ya uzazi ya miezi 3, na ile ya Tanzania bara ya mwaka 2004 yampa siku 84. Mtoto wa siku 84 hajaweza kukaa kitako, wala hawezi kulitamka jina la mtu. Na muda ule ukiisha, kazi yamwita mama yake.

Hatukuandika karatasi hizi kumhukumu mama afanyaye kazi, wala baba aliyemridhia. Kumkabidhi mtoto kwa mlezi si uzushi. Mtume wetu s.a.w. alilelewa katika Banu Saad, na Qurani imewataja wazazi watakao mtoto wao anyonyeshwe na mwanamke mwengine, ikawapa rukhsa kwa sharti ya kumlipa haki yake kwa wema. Na Imamu Nawawi katika Minhaji, kitabu wanachokijua wanafunzi wa dini pwani yetu, ameeleza kwamba yajuzu kumwajiri mtu kwa ulezi peke yake pasipo kunyonyesha. Kisha akaibainisha kazi yenyewe: kumhifadhi mtoto, kumwosha kichwa na mwili na nguo zake, kumpaka mafuta na wanja, kumfunga katika susu na kumpembeza hata alale. Basi kazi hii yajulikana katika sheria yetu. Ina mipaka yake na ina ujira wake.

Maswali yetu ni mawili. La kwanza: ni kitu gani kinachopasa kumzuia mzazi asimwache mwanawe kwa mlezi fulani, na ni kitu gani kinachowazuia watu bure? La pili, nalo ni zito zaidi: je, kumchunguza mwanamke wa Kiislamu nyumbani kwake, na kuuliza khabari zake kwa majirani, si katika ile dhana mbaya na upelelezi tuliokatazwa?

YANAYOWAKIMBIZA WATU BURE

Wako wanaoingia katika nyumba ya mlezi, wakaona sakafu ya udongo na paa la makuti, wakarudi nyuma. Wako wanaosikia lafudhi ya bara katika maneno yake, au wakauliza nasaba yake wakaiona si ya watu wakubwa, wakasema mtoto wao hawezi kulelewa hapo. Na wako wanaomkataa kwa kuwa mumewe ni mchukuzi wa bandarini, wakaenda kwa mwengine mwenyi sebule ya vioo na mazulia, ambaye hajui hata kumbeba mtoto. Ukiyachungua haya utaona kwamba baba huyo hakuangalia kama mwanawe atakuwa salama. Ameangalia watu watasema nini wakijua mwanawe analelewa wapi.

Na tuitazame sira. Bi Halima wa Banu Saad alipokuja Makka pamoja na wanawake wenziwe kutafuta watoto wa kunyonyesha, ulikuwa ni mwaka wa ukame. Punda wake alikuwa dhaifu, ngamia wake mzee hakutoa hata tone la maziwa, na mwanawe mwenyewe alikuwa akilia usiku kwa njaa. Wanawake wale wote walionyeshwa Mtume s.a.w. wakamkataa, kwa sababu alikuwa yatima, na ujira hutarajiwa kwa baba. Bi Halima akamchukua mwisho, alipokuwa hakupata mwengine. Basi walezi waliangalia mfuko wa baba wakamkosa aliye bora kuliko viumbe wote. Na lau Bi Amina naye angaliangalia punda na ngamia, asingalimpa mwanawe mwanamke yule. Dhahiri ilisema la kwa pande zote mbili, na kheri ilikuwa nyuma ya dhahiri.

Wala asifahamu mtu kwamba twasema umaskini ni dalili ya wema. Twasema si dalili ya wema wala ya ubaya. Baraka iliyoingia katika nyumba ya Bi Halima ilikuwa baraka ya Mtume; sisi hatuna haki ya kuitegemea baraka kama ile na kuacha kutazama. Lakini tukitazama, na tutazame panapostahili.

Na kama sakafu ya udongo haipasi kumkimbiza mtu, basi urakhisi wa ujira nao haupasi kumvuta. Mtu huyu huyu akitaka kununua mashua humwita fundi akagonga kila ubao, akatazama kalafati na mkuku. Na akitaka mahali pa kumweka mwanawe kwa mwaka mzima, swali lake la kwanza na la mwisho ni shilingi ngapi.

YANAYOPASA KUMZUIA

Nabii Musa a.s. alipokataa maziwa ya wanyonyeshaji wote katika nyumba ya Firauni, dada yake, ambaye alikuwa akimwangalia kwa mbali, aliwaelekeza kwa watu wa nyumba moja, na akawasifu kwa mambo mawili: kwamba watamlea, na kwamba watamtakia mema. Sifa ya kwanza ni ya kazi, na ya pili ni ya moyo. Mlezi aliye na moja akakosa ya pili hatoshi, na dalili za kukosa moja kati ya hizo ndizo zinazopasa kumrudisha mzazi mlangoni.

La kwanza ni mlango uliofungwa. Sheria imetuamuru kubisha hodi na kungoja idhini, na nyumba ya mwanamke ina sitara yake. Hapana Muislamu wa kuvunja adabu hiyo. Kwa hivyo na aende mama wa mtoto, au bibi yake, au shangazi yake, abishe hodi saa ambayo hakungojewa. Mwanamke mwema aweza kumwambia asubiri avae mtandio. Lakini mlezi asemaye kwamba mzazi asije ila kwa miadi ya jana, na kwamba mtoto ataletwa barazani, amekwisha kusema lililo kubwa.

La pili ni wingi wa watoto na uchache wa mikono. Mwanamke mmoja hawezi kuwabeba wachanga wanne moto ukishika jikoni. Katika Uingereza mlezi wa nyumbani kwa kawaida hapewi zaidi ya watoto 6 walio chini ya miaka 8. Na miongoni mwao wasiofika umri wa skuli wasizidi 3, na aliye chini ya mwaka awe 1 tu. Tena katika hesabu hiyo watoto wake mwenyewe huhesabiwa pia. Kwetu, Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeweka masharti ya leseni kwa vituo vya kulelea watoto mchana, lakini nyumba ya mama mwenyi watoto wa majirani aghlabu haifikiwi na mkaguzi. Basi baba ndiye mkaguzi, na ahesabu vichwa kwa macho yake.

La tatu ni khatari za nyumba yenyewe. Mtoto atambaaye aweza kufa maji katika ndoo isiyofika goti la mtu mzima. Jiko la makaa likiwashwa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mafuta ya taa yakitiwa katika chupa ya soda, mtoto huyanywa kwa kudhani ni kinywaji. Haya hayataki utajiri kuyaondoa. Yataka kifuniko, dirisha wazi, na rafu ya juu. Masikini mwenyi hadhari huyaweza, na tajiri mzembe huyakosa.

La nne ni watu wengine waingiao katika nyumba ile. Wewe umempa mwanao mwanamke mmoja. Je, ni nani alalaye chumba cha pili? Ni nani ajaye kuzungumza mchana? Madhara ya mtoto aghlabu hayaletwi na mgeni apitaye njiani, bali na mtu ajulikanaye, ambaye mtoto amemzoea na watu wazima wamemwamini. Wanavyuoni wetu wamesema katika mlango wa amana ya mali kwamba aliyewekewa akimpa mtu mwengine pasipo idhini ya mwenyewe wala udhuru, dhamana yamlazimu. Ikiwa hukumu ya mkufu ni hiyo, vipi mlezi amwache mtoto kwa kijana wa jirani akaenda harusini?

La tano ni kimya. Nyumba yenyi wachanga wengi ina kilio na vicheko. Ukiwakuta wamelala wote saa zote, na mwanao akirudi jioni amelegea na macho mazito, uliza amekunywa nini. Wako watu wanaowapa watoto dawa ya kikohozi au ya mzio ili walale. Mtoto aliyelazwa kwa dawa hakulelewa. Amenyamazishwa tu, na huenda akadhurika.

La sita ni jambo ambalo wenyi kuandika khabari za ulezi katika nchi nyengine hawalitaji, nasi hatuna ruhusa kulisahau. Nalo ni maziwa. Mlezi mwenyi mtoto wake aweza kumwonea huruma mtoto wako aliapo, akampa titi. Kitendo chake ni cha rehema. Lakini katika madhehebu ya Imamu Shafi, mtoto aliye chini ya miaka miwili akinyonya mara tano zilizotengana, mwanamke yule amekuwa mama yake, mumewe mwenyi maziwa yale amekuwa baba yake, na watoto wao ni ndugu zake asioweza kuwaoa. Baada ya miaka ishirini, katika mtaa ule ule, kijana na msichana watapendana, na hapana akumbukaye. Basi na wapatane tangu siku ya kwanza: asinyonyeshwe pasipo idhini; na akinyonyeshwa, ihesabiwe na iandikwe, na nyumba zote mbili zijue.

La saba, nalo ndilo lililo zito zaidi, ni kuficha. Mtoto huanguka hata mapajani kwa mama yake. Jeraha peke yake si hoja. Hoja ni jeraha lisilo na maelezo, au maelezo yanayobadilika tangu asubuhi hata jioni.

DHANA NA HADHARI

Sasa twaja kwenye swali la pili. Mtu mwema atasema: "Mimi nimekatazwa kuwadhania watu vibaya, na nimekatazwa kupeleleza na kusengenya. Mwanamke huyu ni jirani yangu, aswali na kufunga. Nikimwuliza maswali haya nimemvunjia heshima, na nikiuliza khabari zake nimekula nyama ya ndugu yangu." Neno hili si jepesi, na mwenyi kulisema si mjinga. Wengi wamenyamaza kwa haya kama hii, na wenyi kuilipia haya yao walikuwa watoto.

Jawabu yetu ni hii. Dhana iliyokatazwa ni kumhukumu mtu kwa ubaya pasipo dalili. Hadhari si hukumu. Ni kutazama kabla ya kukabidhi. Mtume s.a.w. alimwambia mtu amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu, wala hapana aliyesema kwamba kamba ile ilikuwa tuhuma kwa watu wa mji. Ajapo Fatima binti Qays kutaka shauri juu ya watu wawili waliomposa, Mtume alimweleza wazi kwamba mmoja hana mali na wa pili hawekani na fimbo yake. Na wao walikuwa masahaba wenyi heshima. Kutokana na hadithi hiyo wanavyuoni, na Imamu Nawawi miongoni mwao, wamesema kwamba kutaja aibu ya mtu kwajuzu katika mashauri ya ndoa, ya ushirika na ya kuweka amana. Hapana amana iliyo kubwa kuliko mtoto.

Tena fikiri neno moja. Kumdhania mtu wema ni ukarimu, na ukarimu hufanywa katika haki ya mtu mwenyewe. Ukimkopesha jirani fedha zako pasipo shahidi, ukazikosa, umepoteza chako, na huenda ukaandikiwa thawabu. Lakini walii wa yatima hana ruhusa kumpa mtu zawadi katika mali ya yatima, hata dirhamu moja, hata akiwa yeye mwenyewe ni mkarimu kupita watu wote. Kwani si yake. Na usalama wa mtoto si mali ya baba. Ni haki ya mtoto, na baba ni mlinzi wake tu. Basi baba anyamazaye kwa kumwonea haya jirani amefanya ukarimu kwa mali ya mwengine, naye mwenyi mali hana ulimi wa kukataa.

Sira nayo yatushuhudia. Bi Halima alipomrudisha Mtume s.a.w. kwa mama yake kwa khofu ya lililomtokea kule jangwani, hakueleza sababu yake kwanza. Bi Amina hakutosheka na jawabu ya mwanzo. Akashika kumwuliza hata akamweleza kweli yote. Tazama pande zote mbili. Mama aliuliza mara ya pili, na Bi Halima hakusema, "Waniuliza mimi, niliyemlea miaka hii?" Alipoogopa kwamba amana yaweza kudhurika mkononi mwake, aliirudisha, ingawa alikuwa akipenda kukaa nayo. Hiyo ndiyo alama ya mlezi mwema: maswali hayamchukizi, kwa kuwa naye amtaka mtoto yale yale uyatakayo wewe.

Lakini ruhusa hii ina mipaka. Uliza lile limpasalo mtoto, usiulize kwa nini aliachwa na mume wa kwanza. Uliza kwa wazazi waliowaacha watoto wao hapo mwaka jana, usiulize barazani. Usipomridhia, shukuru kwa adabu uende zako, wala usilitangaze jina lake mtaani. Ila ikiwa umeona khatari ya kweli kwa watoto waliobaki, hapo kunyamaza si sitara, bali ni kushiriki. Na wewe uulizwaye, sema ulijualo, usipunguze kwa urafiki wala usizidishe kwa kinyongo.

Wako waulizao juu ya mlezi asiye Muislamu. Mtume s.a.w. katika Hijra alimwajiri Abdullah bin Urayqit awe kiongozi wa njia, akamwamini roho yake na ngamia wake, naye hakuwa Muislamu. Basi uaminifu hupatikana pia kwa asiyekuwa wa dini yetu, na kumkataa kwa kumtukana si haki. Lakini chakula cha mtoto na iwe halali, na mtoto akifika umri wa kuiga maneno na ibada, hapo baba ana haki ya kumtaka mlezi atakayemfunza shahada na salamu. Imamu Ghazali amesisitiza katika Ihyaa kwamba ulezi wa kwanza huingia katika tabia ya mtoto, na akamtaka mlezi awe mwema na mwenyi kula halali.

HAKI YA MLEZI

Tusimalize bila ya kugeuza uso kwa baba. Kama yako mambo yanayomkimbiza mzazi, yako pia yanayomkimbiza mlezi mwema, na akikimbia hubaki asiyefaa. Yuko baba amwambiaye alasiri akaja isha, siku tatu kwa wiki, asitoe hata neno la radhi. Yuko amletaye mtoto mwenyi homa akanyamaza, ili siku ya kazi isipotee, na wengine watano wakaugua. Yuko anayengoja tarehe 15 kulipa ujira wa mwezi uliopita, naye ajua kwamba Mtume s.a.w. ameamrisha ajiri alipwe kabla jasho lake halijakauka. Na mtoto akipata mkwaruzo mmoja, humtukana mlezi mbele ya watu. Kisha ashangaa kwa nini mara ya pili alifichwa. Mwenyi kuadhibu kila kweli aambiwayo amejifunzia watu kumdanganya.

Na wako wanaomwachia mke jambo hili lote: atafute yeye, achague yeye, ampeleke yeye, na litokapo la kutoka, alaumiwe yeye. Hilo si haki. Malezi ya mtoto na gharama zake zi juu ya baba, na hatakwambia Mola wako siku ya hesabu kwamba ulikuwa na shughuli. Nenda walau mara moja. Simama penye mlango, utazame mwanao apokewapo asubuhi: je, anyosha mikono, au aligeukia bega lako akashika kanzu? Mtoto asiye na ulimi ana mikono, na mikono yake yasema. Siku moja ya kulia si hoja, kwani mtoto huchukia kuachana. Lakini mwezi ukipita na khofu i pale pale, isikize kabla ya kumsikiza mtu mwengine.

Basi, ndugu zetu, tusimkatae mwanamke kwa makuti yake, wala tusimkubali kwa vioo vyake. Tutazame mikono, mlango na ukweli wa maneno. Tuulize kwa adabu, tulipe kwa wakati, na tujue kwamba aliyempokea mwana wetu ameipokea sehemu ya mzigo wetu, si mzigo wote.

Twamwomba Mwenyi Ezi Mungu awahifadhi watoto wetu tuwapo nao na tuwapo mbali nao, awape walezi wao huruma na uaminifu, na atujaalie sisi wazazi kuwa wenyi kuitunza amana tuliyopewa kabla hatujaulizwa. Amin.